Saa moja ya mashine ya kukata kwa maji ni pesa ngapi?

Leo naacha tovuti na simu kidogo niongee juu ya hesabu za karakana, maana kuna jambo linanikera.

Hapa Makongeni tumezoea grinda, gesi na plasma. Sasa kuna fundi anayetaka kuagiza mashine iliyotumika ya kukata kwa maji, akaniomba programu ya kukadiria bei za wateja. Muuzaji kampa namba moja tu: gharama kwa saa. Mimi nasema namba moja haitoshi, na anayeitegemea anaweza kufunga karakana huku kazi zimejaa mlangoni.

Kwa wasioijua, mashine hii husukuma maji kwa presha ya bar 4,000 hivi kupitia tundu dogo sana, na maji hayo hubeba mchanga wa garneti unaokata chuma, marumaru, hata kioo. Pampu ya nguvu-farasi 50 ni kilowati 37 hivi za umeme. Lakini mla pesa mkubwa ni mchanga: kama theluthi moja ya kilo kila dakika, yaani kilo 20 kwa saa. Mchanga huo huo hula bomba la kuchanganyia mpaka linapanuka na mkato unaharibika. Sili za pampu nazo huisha (na maji ya kisima yenye chumvi huziisha upesi, kwa hivyo weka kichujio kwenye bajeti).

Sasa angalia. Mchanga na bomba huliwa wakati wa kukata tu. Kodi, mshahara na mkopo haviulizi kama unakata. Unapanga pleti, unangoja mchoro wa mteja, stima imepotea: mkopo unaendelea kula.

Kwa hivyo kuna saa ya maji na saa ya ukutani. Tufanye hesabu, namba ni za mfano, weka zako. Mchanga kilo 20 kwa shilingi 80 ni 1,600. Umeme kilowati 37 kwa shilingi 25 ni 925. Vipuri tuseme 675. Jumla 3,200 kwa saa ya kukata. Kodi, mshahara na mkopo tuseme 6,400 kwa siku. Wengi hugawanya kwa saa 8 za kazi, wanapata 800, wanatoza gharama ya 4,000. Lakini kama maji yalikata saa 3 tu, 6,400 hiyo lazima ibebwe na saa 3: ni 2,133, jumla 5,333. Ukitoza 4,000 umepoteza shilingi 4,000 siku hiyo, na hata faida hatujaigusa!

Halafu kuna dola, maana garneti na vipuri vinatoka ng'ambo. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160. Miezi michache baadaye ikawa kama 130. Mtu aliyefungia kiwango ndani ya faili ya Excel na kusahau, bei zake zilikuwa uongo pande zote mbili. Kiwango kikae peke yake, na tarehe yake kando.

Ukienda kukagua mashine iliyotumika, achana na swali la gharama kwa saa. Uliza mchanga kilo ngapi kwa dakika, bomba hudumu saa ngapi, sili zilibadilishwa lini. Kisha omba kuona mita ya saa za pampu, na uulize ngapi kati ya hizo zilikuwa za kukata kweli.