HESABU ZA MWISHO WA MSIMU



Hapa Wandegeya jua linapokuchwa kelele huwa za namna mbili. Za kwanza zilikuwa za ndege wafumaji, wale ndegeya ambao watu husema ndio waliopa mahali hapa jina. Za pili ni zetu sisi binadamu. Kila mwaka ifikapo Aprili na Mei, ligi inapokaribia kwisha, utawakuta vijana wa viwandani, waendesha bodaboda na wanafunzi wa Makerere wamezunguka kibanda cha chapati, karatasi mkononi na kalamu sikioni. Wanapiga hesabu. Timu hii ikishinda na ile ikitoka sare, nani atachukua kikombe? Nani atashuka daraja? Nani atakwenda kuiwakilisha Uganda katika mashindano ya klabu za Afrika?

Wako viongozi wanaosema huu ni upuuzi, kwamba mfanyakazi angefikiria mambo ya maana. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyeishia darasa la saba, kama mimi, anayeweza kuijumlisha ligi nzima kichwani bila kukosea, huyo si mpuuzi. Ana akili ya hesabu ambayo mwajiri wake hataki aitumie mahali pengine. Ninalolipinga ni kuwa akili hiyo tunaiuza bei ya kutupa katika maduka ya kamari, na hata tunapotabiri hatutabiri kwa hesabu, tunatabiri kwa moyo.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili asiwepo wa kusema kwamba nahubiri tu.

Tarehe 8 Oktoba 2011, timu yetu ya taifa ilikuwa inacheza na Kenya pale Namboole, mchezo wa mwisho wa kundi kutafuta nafasi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2012. Uganda ilikuwa haijafika huko tangu 1978, mwaka ule tulipofika fainali mjini Accra na kufungwa na Ghana mabao 2 kwa 0. Kabla ya mchezo huo tulikuwa na pointi 10 na Angola walikuwa na 9. Tukishinda, tumeingia. Mimi nilikuwa na shilingi 60,000 za kodi ya nyumba. Nikajiambia: tunacheza nyumbani, uwanja umejaa, pesa hii itarudi na wenzake. Nikaiweka yote.

Mchezo ukaisha 0 kwa 0. Huko Guinea-Bissau, Angola wakashinda 2 kwa 0. Wao wakawa na pointi 12, sisi 11. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mama watoto hakuniuliza kitu, alinitazama tu, na kutazamwa vile ni kubaya kuliko kutukanwa. Mwenye nyumba yeye aliuliza, tena kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Septemba 2016, tulikuwa Namboole tena, safari hii na Comoro. Farouk Miya akafunga bao moja, likatosha. Tulimaliza kundi na pointi 13, sawasawa na Burkina Faso. Wao waliwekwa wa kwanza kwa sababu tulipokutana nao walitushinda mchezo mmoja na mwingine ukaisha sare. Lakini sisi tulipita pamoja na Togo, kama washindi wa pili walio bora. Baada ya miaka 38, Uganda ikarudi.

Sasa itazameni vizuri hesabu hii, ndugu zangu. Mwaka 2011 tulikuwa wa pili tukaachwa, na nafasi za washindi wa pili bora zikaenda kwa Sudan na Libya. Mwaka 2016 tulikuwa wa pili tukachukuliwa. Tofauti ni pointi 2, yaani bao moja ambalo halikupatikana siku ile ya Kenya. Wengi walisema mwaka 2011 tulikosa bahati. Lakini zile pointi tulizoziacha katika michezo ya nyuma hazikuwa bahati. Siku ya mwisho ilikuja tu kusoma deni ambalo tulilifanya wenyewe.

Kutokana na hayo nimejifunza kwamba mtabiri mzuri wa mwisho wa msimu haanzi kwa kuuliza nani ni hodari. Anauliza mambo matatu.

La kwanza: nafasi ziko ngapi, na kanuni za kugawa nafasi hizo zinasemaje? Mwaka 2016 watu wengi pale Namboole walilia kwa furaha bila kujua ni kanuni gani iliyotuingiza.

La pili: wakilingana pointi, ni kitu gani kinachowatenganisha? Ni mabao, au ni matokeo yao walipokutana? Mwaka 2003 ligi yetu ilionyesha hatari ya jambo hili. SC Villa waliifunga Akol mabao 22 kwa 4 mwishoni mwa msimu. Ishirini na mawili! Mpaka leo wazee wa soka wakiutaja mchezo huo wanatikisa kichwa. Mtu aliyetabiri kwa kutazama uhodari tu, angetabirije kitu kama hicho?

La tatu, nalo ndilo kubwa: nani anayeamua mwishoni, ni uwanja au ni meza? Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha kila kitu. Timu zilikuwa zimecheza michezo 25 kati ya 30. Vipers walikuwa mbele ya KCCA, wakatangazwa mabingwa kwa kufuata kanuni, kwa kuwa zaidi ya robo tatu ya michezo ilikuwa imekwisha kuchezwa. Wapenzi wa KCCA walilalamika. Lakini kanuni ilikuwa imeandikwa zamani. Aliyeisoma hakushangaa.

Mwanafunzi mmoja wa Makerere alitusimulia habari za Marekani tukadhani anatania. Huko vyuo vikuu vina mpira wao, wanauita wa miguu lakini wanaucheza zaidi kwa mikono. Vyuo ni vingi mno kukutana vyote, kwa hiyo Desemba kamati ya watu 13 hukaa mezani kuchagua nani acheze michezo mikubwa ya mwisho. Mwaka 2023 nafasi za kugombea ubingwa zilikuwa nne. Florida State walikuwa wameshinda michezo yao yote 13. Kamati ikawaacha, ikachukua Alabama waliokuwa wamefungwa mara moja. Sababu moja waliyopewa ni kwamba mchezaji wao mkuu alikuwa ameumia. Mwaka uliofuata nafasi zikaongezwa zikawa 12, lakini wale wa 2023 hawakurudishiwa kitu.

Niliposikia hayo nilisema: hii mimi naijua, hii ni kiwandani kwetu. Unafanya kazi mwaka mzima bila kukosa siku hata moja. Halafu mwezi wa Desemba watu wachache wanafunga mlango, na wakitoka wanakwambia kwamba aliyepandishwa cheo ni mwingine. Na kama hakuna mkataba ulioandikwa unaosema mtu anapandishwa kwa nini, huna pa kushika.

Sasa nije kwenye kamari, maana huko ndiko pesa zetu zinakopotelea.

Mwenye duka la kamari hatabiri mpira. Yeye hana haja. Chukueni mfano mwepesi wa kurusha sarafu. Wewe unaweka 1,000 kwa upande mmoja, mwenzako anaweka 1,000 kwa upande wa pili. Duka limepokea 2,000. Atakayeshinda analipwa 1,850. Ile 150 imebaki dukani, na mwenye duka hakujali sarafu imeangukia wapi. Hiyo ndiyo kazi yake: kukata kidogo kila mara.

Lakini ninyi hamwekei mchezo mmoja. Mnaunganisha michezo minane katika tikiti moja, kwa sababu mnaona malipo ni makubwa. Haya, tuendelee na sarafu yetu. Kupata sawa mara nane mfululizo hutokea mara moja katika 256. Kama malipo yangekuwa ya haki, 1,000 yako ingekupa 256,000. Kwa bei ile ya dukani utalipwa kama 137,000 tu. Makato ambayo katika mchezo mmoja yalikuwa sehemu ndogo, sasa yamekaribia nusu ya haki yako! Kama mwajiri angekukata hivyo katika mshahara, tungegoma asubuhi yake. Dukani unakatwa, unasema asante, na kesho unarudi.

Tena mwisho wa msimu ndio wakati mbaya kabisa. Kuna timu ambayo imekwisha kuwa salama na haina haja ya kushinda. Kuna timu inayowapumzisha wachezaji wake kwa ajili ya mchezo wa kikombe. Kuna timu ambayo wachezaji hawajalipwa miezi kadhaa, na mchezaji asiyelipwa ni mfanyakazi kama sisi, miguu yake inajua. Mambo hayo hayaonekani kwenye karatasi. Mkubwa aliye karibu na timu anayajua, wewe wa shambani huyajui.

Sheria ya mwaka 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari. Nendeni mkaone wenyewe nyuso zilizo katika vyumba vile, kisha mniambie kama wote wamefika umri huo. Na huku mashambani sasa simu imelileta duka mpaka kitandani. Kijana anakata miwa tangu alfajiri, jioni analipa makosa ya mlinda mlango wa Uingereza ambaye hatamwona maishani. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Anayeweka 2,000 kila siku, kwa mwezi wa siku 30 ameweka 60,000. Ile ile kodi yangu ya mwaka 2011.

Basi nasema hivi: kalamu ile ile mnayoipigia hesabu ya ligi, igeuzeni muipigie hesabu karatasi ya mshahara.

Ulizeni maswali yale yale matatu. Kanuni inasemaje? Katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wewe unakatwa asilimia 5, na mwajiri anatakiwa kutoa 10 yake mwenyewe juu ya hapo. Je, umeangalia kama ile 10 imefika? Wanaochuma chai wanalipwa kwa kilo: je, kilo alizoandika karani ni zile ulizoziona kwenye mizani? Saa za ziada zimehesabiwa kwa kiwango gani? Kijana anaweza kukuambia Villa walikosa ubingwa tangu 2004 mpaka walipouchukua tena 2024, lakini hawezi kukuambia mwezi uliopita alifanya saa ngapi za ziada. Hilo ndilo linaloniuma.

Na nani anaamua mwishoni? Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini, na wengi wetu tukatabiri kwamba mchezo umekwisha, tumeshinda. Rais hakuutia sahihi. Tulikuwa tumesahau swali la tatu. Tulishangilia bao kabla refa hajaonyesha mkono. Safari nyingine tusikae nyumbani kusubiri matokeo, tuwe na watu wetu karibu na meza mpaka kalamu itakapowekwa chini.

Sisemi muache mpira. Mimi mwenyewe siwezi. Ninayopendekeza kwa matawi yetu ni haya. Kila tawi lianzishe shindano la utabiri la mwisho wa msimu, bila pesa. Kila mtu, akina mama nao wakiwemo, aandike kwenye karatasi nani atachukua kikombe, nani atashuka, na sababu zake. Karatasi zifungwe sandukuni mpaka siku ya mwisho. Mshindi apewe heshima ya kufungua mkutano. Na ile 2,000 ya tikiti ipelekwe katika chama cha akiba na mikopo. Huko haitazaa kwa miujiza, lakini mwezi wa kodi utaikuta.

Tawi moja nililolitembelea lilijaribu jambo hili. Aliyeshinda alikuwa mama mmoja mfagiaji, ambaye wanaume hawakuwahi kumwuliza habari za mpira. Nilipomwuliza amejuaje, akanijibu: "Mzee, wao walitazama timu wanazozipenda. Mimi nilitazama nani amebakiza kucheza na nani."

Mwaka huo huo wenzake walimchagua kuwa mweka hazina wa tawi. Mpaka leo hesabu zake hazijapungua hata shilingi.

Umoja ni nguvu. Mfanyakazi, hesabu chako kabla hujahesabiwa!