Gari la Deraya Halili Unga

Juzi kwa saiba hapa Kariokor, msee mmoja aliniambia ati Waingereza walikuwa wazembe. Walikuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce, na bado Lettow-Vorbeck akawazungusha Afrika Mashariki hadi Novemba 1918. "Mimi ningemaliza hiyo vita na wiki mbili," akasema, macho kwa ramani ya Hearts of Iron IV.

Buda, hebu tuongee.

Hiyo Rolls-Royce ilikuwa gari la matajiri, Silver Ghost, likavalishwa mabamba ya chuma na kuwekewa mnara unaozunguka wenye bunduki ya Vickers. Zaidi ya tani nne, na zinazosukuma ni magurudumu ya nyuma peke yake. Kwa nchi kavu ni moto. Sasa lete masika. Aprili 1916 jeshi la van Deventer lilifika Kondoa Irangi, mvua ikakata barabara nyuma yake, na jeshi zima likakwama kwa njaa. Farasi na ng'ombe wa kuvuta mizigo? Mbung'o alikuwa anawamaliza.

Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Na hapo ndipo hesabu inauma. Tuseme mpagazi amebeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Safari ya siku 12 kwenda na 12 kurudi, atakula 24. Askari aliye mbele anapata kilo moja. Moja! Kwa hivyo unaongeza wapagazi, na hao pia wanakula. Hesabu rasmi za waliokufa zilipita 40,000, wengi kwa magonjwa na njaa wala si risasi.

Mtasema gemu inaanza 1936, na ni gemu tu. Sawa. Lakini hiyo gemu inahesabu mafuta, reli, malori, hadi bunduki. Mtu wa kubeba ndiye hana namba. Tukizoea hivyo, tunaanza kuamini vita ilipiganwa na mashine, na babu zetu walikuwa wanatazama tu kando ya barabara.

Mimi sitaki huruma ya gemu. Nataka gharama. Nyinyi mnaojua kutengeneza mods, wekeni wapagazi: kila kikosi kikisonga mbele, vijiji nyuma yake vipungue watu. Tuone nani ataendelea kujigamba na wiki mbili zake.

Halafu huyo msee akamaliza soda yake, akatoka kwenda stage. Anaishi Kariokor tangu azaliwe na hajui hilo jina ni "Carrier Corps" kwa midomo ya watu wetu. Kariakoo ya Dar ni hivyo hivyo.

Kesho namrudia. Hii deni haijaisha.