Phoenix na baiskeli ya gia si mbio moja

Leo naacha mambo ya boom na UE, tuongee baiskeli. Tangazo la mbio za wanafunzi limeshabandikwa: Pongwe hadi Tanga mjini na kurudi, kundi moja, zawadi moja ya pesa taslimu, wa kwanza anabeba zote. Humu chuoni kuna mtu ambaye pesa hiyo ndiyo kodi yake ya geto mpaka mwisho wa muhula. Na huyo mtu, nawaambia, anaendesha Phoenix.

Mliotoka mikoa mingine mmeshaona wenyewe, Tanga ni mji wa baiskeli. Phoenix ni chuma. Inabeba mkaa, inabeba nazi, inabeba mama na mtoto kwenye keria. Kukimbia si kazi yake. Sasa unamweka mstari mmoja na jamaa mwenye baiskeli nyepesi ya gia, halafu unasema mbio ni miguu tu. Jamani, tusitaniane.

Miguu tu? Mwingereza Chris Boardman mwaka 1996 aliendesha kilomita 56.375 kwa saa moja uwanjani, kwa baiskeli ya kisasa, mikono kanyoosha mbele. Mwaka 2000 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kikasema anayetaka rekodi ya saa atumie baiskeli ya mtindo wa ile ya Eddy Merckx ya mwaka 1972. Boardman yule yule akapata kilomita 49.441. Merckx alikuwa na 49.431. Mita 10 tu! Sawa, alishaongeza miaka 4, lakini kilomita karibu 7 haziliwi na umri peke yake.

Washikaji wengine wanasema tufanye kama wanaoshindana kwa glaida, zile ndege zisizo na injini. Kule kila aina ya glaida ina namba yake. Ya zamani ina namba ndogo, ya kisasa ina kubwa, na kasi ya rubani inagawanywa kwa namba hiyo. Kwa hiyo mwenye chombo kikuukuu anaweza kushinda hata kama amefika nyuma. Nzuri, ila ina tundu: namba ni ile ile, hali ya hewa inabadilika. Upepo wa mbele ukiwa mkali, glaida ya polepole inaumia kuliko namba ilivyokadiria. Na sisi je, nani ataipa namba Phoenix yenye mnyororo uliolegea na spoku mbili zilizokatika? Tutaishia kugombana mezani na kikokotoo mkononi.

Mimi nasema tugawe madaraja. Hata mbio za magari za Coronation Safari mwaka 1953, zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ziligawa magari kwa bei yake dukani. Waliona mbali wale, maana bei ndiyo inayotenganisha watu kabla hata bendera haijashushwa.

Najua kuna atakayenitupia Joginder Singh, kwamba mwaka 1965 alishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Kweli kabisa. Lakini gari lile lilikuwa limetoka kwenye timu ya kiwanda, halikuokotwa gereji ya uchochoroni. Na fundi mmoja hodari akishinda katika mazingira magumu, hilo linatuonyesha uhodari wake, halionyeshi kwamba mazingira yalikuwa ya haki.

Pendekezo langu ni fupi. Madaraja mawili: yenye gia na isiyo na gia. Hapo hakuna hesabu, mtu anaangalia tu gurudumu la nyuma. Halafu pesa ikatwe nusu kwa nusu. Sitaki kusikia wa gia wanapewa pesa na wa Phoenix wanapewa fulana na makofi. Huo utakuwa ule ule ubaguzi, umebadilishwa nguo tu.

Wenye gia watalalamika kwamba nusu ya pesa yao imekwenda. Yao tangu lini? Mbio bado hazijakimbiwa.

Waandaaji bado wanaandikisha majina, kwa hiyo nafasi ya kurekebisha ipo. Tuwafuate mapema, tena kwa adabu. Nawasilisha.