Tozeni Faida, Msitoze Mauzo

Tuseme mwenye duka wa Likoni amenunua pakiti ya unga ya kilo 2 kwa shilingi 150, akaiuza kwa 160. Katika zile shilingi 10 mna kodi ya pango, stima, ujira wa mkokoteni na chakula cha wanawe. Hapo ndipo serikali ya Kenya inapodai asilimia 3, tena si ya zile 10, bali ya 160 nzima. Shilingi 4.80! Karibu nusu ya pato lake imekwenda kabla hajamlipa mwenye nyumba.

Hiyo ndiyo kodi ya mauzo ghafi, TOT kama wanavyoiita madukani. Mwaka 2020, korona ilipobana, ilishushwa hadi asilimia 1. Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha kwenye 3 kuanzia Julai, kwa wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Gharama hazitolewi hata senti. Umepata faida, lipa. Umekula hasara, lipa vilevile.

Piga hesabu ya mwezi. Mauzo 400,000, faida ya juu juu asilimia 8, yaani 32,000. Ondoa 14,000 za pango, stima na usafiri, zinabaki 18,000. TOT ni 12,000. Mtu huyu anarudi nyumbani na 6,000! Mwajiriwa wa mshahara wa 24,000 halipi hata shilingi ya kodi ya mapato, kwa sababu nafuu ya 2,400 kwa mwezi inaifuta yote. Nani atasimama mbele ya mwenye duka huyu amwambie kwamba huo ni uadilifu?

Na ng'ambo ya barabara kuna supamaketi. Inauza unga uleule, lakini kampuni ile inatozwa asilimia 30 ya faida, baada ya kutoa mishahara, pango na hata riba ya mkopo. Ikipata hasara, kodi yake ya mapato ni sufuri. Mfanyabiashara mdogo hawezi kupandisha bei ili aifidie kodi, maana mteja wa unga atavuka barabara kwa ajili ya shilingi 5. Basi mzigo wote unamwangukia yeye.

Somo hili hufundishwa mwaka wa kwanza wa uchumi. Kodi ya faida haigusi uamuzi wa kuuza pakiti moja zaidi: kama pakiti ile ilikuwa na faida, bado inayo. Kodi ya mauzo hupandisha gharama ya kila pakiti, na bidhaa yenye faida nyembamba ndiyo ya kwanza kuuawa. Kinyozi, ambaye gharama zake ni ndogo kando ya mauzo, atanung'unika na kuendelea. Muuza unga, sukari na kadi za simu ataziacha bidhaa hizo, au atamwomba mteja alipe keshi ili mauzo yasionekane. Serikali inapoteza mara mbili.

Mahakama imekwisha kusema. Kodi ya chini kabisa ya asilimia 1 ya mauzo, iliyoanza kuzibana kampuni mwaka 2021, ilipingwa na wenye baa wa Kitengela. Mahakama Kuu ya Machakos ikaifuta Septemba mwaka huo, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Desemba 2022: si haki kumtoza kodi ya mapato mtu aliyepata hasara. Miezi saba baadaye mdogo akabandikwa mara tatu ya kiwango kile. Kampuni ziliokolewa na Katiba, mwenye kibanda je?

Wanaoitetea wanasema mdogo hana vitabu vya hesabu, na asiyeitaka TOT amwandikie Kamishna wa kodi atozwe kwa faida. Ajiri mhasibu, basi, kwa ile 6,000! Tena hoja ya vitabu imepitwa na wakati. Mamlaka ya Mapato, KRA, yenyewe imewalazimisha wafanyabiashara kutoa ankara za kielektroniki kupitia mfumo wake wa eTIMS. Muuzaji wa jumla akimwuzia mwenye duka unga, bei ya ununuzi inaingia katika mitambo ya KRA siku hiyohiyo. Wabunge, ruhusuni ankara hizo zitolewe kwenye mauzo kwanza, kisha tozeni kinachobaki. Na mpaka mfumo huo ukamilike, rudisheni asilimia 1 katika Sheria ya Fedha ijayo.