Taya na Nuru ya Macho

Mwandishi mmoja aliyedai kwamba kifaa cha plastiki kivaliwacho menoni usiku, kwa kutengeneza kiungo cha taya, humwondolea mtu haja ya miwani, amechanganya mishipa miwili ya fahamu ya kichwa: wa tano, uchukuao maumivu ya taya na ya jicho pia, na wa pili, uchukuao nuru, ambao taya haina amri juu yake. Hata tabibu Costen wa Marekani, alipoyahusisha mwaka 1934 maradhi ya masikio na taya, alipingwa; sembuse kuona! Kwamba kifaa hutuliza maumivu, sikatai. Lakini mtu aliyepita miaka 50, aumwaye taya atafunapo na macho yakamfifia ghafla, yamkini ana uvimbe wa mishipa ya damu ya mapanja, naye asipopewa dawa ya steroidi upesi, aweza kupofuka ilhali angali akingoja plastiki yake ichongwe.