Filamu ya Polepole na Watazamaji Wenye Haraka



Mwezi huu twataka kusema neno juu ya filamu. Twajua wako wazee watakaokunja uso kwa kuliona neno hili katika ukurasa huu. Lakini filamu zimekwisha ingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi; zimo katika simu za watoto wetu. Na jambo lililokwisha ingia nyumbani halifai kuachwa bila ya kuzungumzwa.

Filamu tunayoikusudia yaitwa The Witch, yaani Mchawi. Ilitungwa na kuongozwa na Robert Eggers wa Marekani, nayo ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Ilionyeshwa mara ya kwanza Januari 2015 katika tamasha la Sundance, na huko Eggers akapewa tuzo ya uongozaji. Februari 2016 ikaenea katika majumba ya senema ya Marekani. Ni katika zile filamu za hofu zinazotegemea ngano na itikadi za kale za watu wa mashamba, kama filamu ya Kiingereza iitwayo The Wicker Man ya mwaka 1973.

Sasa tazama lililotokea. Wahakiki, yapata tisa katika kila kumi, waliisifu. Lakini iko kampuni huko Marekani, jina lake CinemaScore, ambayo kazi yake ni kuwagawia kadi watazamaji wa siku ya kwanza, nao waitie filamu alama kama mwalimu atiavyo alama daftari la mwanafunzi, tangu A hadi F. Watazamaji hao waliipa The Witch alama ya C-. Mtu aliyekata tikiti kwa hiari yake aghalabu hutoa alama nzuri, basi hii ni alama duni. Wala haikupata hayo peke yake. Hereditary ya mwaka 2018 ilipewa D+, na Midsommar ya mwaka 2019 ikapewa C+, juu ya kuwa wahakiki wengi walizisifu zote mbili.

Malalamiko ya watu yalikuwa matatu. La kwanza ni mwendo wake. Filamu yenyewe ni ya dakika 92 tu, lakini yakaa kitako mbele ya miti, mbele ya uso wa mtu, mbele ya mwanga wa mishumaa, kana kwamba haina safari. La pili ni lugha. Watu wake wasema Kiingereza cha karne ya 17, na maneno mengi Eggers aliyatoa katika kumbukumbu na hati za mahakama za wakati ule. Hata Waingereza wenyewe yaliwapita masikioni, kama vijana wetu wanavyopitwa na tenzi za kale. La tatu ndilo kubwa: walikwenda kutafuta hofu, wakatoka wakisema, “Hakuna kilichotokea.”

Sisi hatuwalaumu kabisa. Tangazo liliwaahidi hofu, na wengi wamezoea hofu ya kushtuliwa ghafla kwa sauti na sura. Mtu aliyealikwa biriani akapakuliwa uji ana haki ya kunung'unika, hata uji ukiwa mzuri. Lakini insafu yataka aseme, “Sikualikwa uji,” wala asiseme, “Uji huu ni mbaya.” Hayo ni maneno mawili mbalimbali. La kwanza ni habari ya mwaliko, na la pili ni hukumu juu ya chakula ambacho pengine hakukionja.

Basi na tukionje. Je, ni kweli kwamba hakuna kilichotokea?

Hadithi ni hii. Katika miaka ya 1630, huko New England, walikohamia Waingereza washika dini, mtu mmoja jina lake William ashindana na wakubwa wa mji juu ya mambo ya dini, kwa kiburi, hata wamfukuza. Achukua mkewe na watoto wake, wakaishi peke yao ukingoni mwa msitu. Siku moja binti yao mkubwa, Thomasin, amchezea ndugu yake mchanga kwa kuficha uso na kuufunua. Afunua uso mara ya mwisho, na mtoto hayupo. Mchawi wa msituni amemchukua, na filamu yatuonyesha mapema kwamba mchawi huyo yupo.

Toka hapo mtazamaji mwenye haraka akaa kumngojea mchawi arudi. Naye katika kungojea kwake yampita mambo haya. Baba amechukua kikombe cha fedha cha mkewe kwa siri, akakibadilisha kwa mitego ya wanyama kwa kuwa mahindi yao yameoza. Mama akikikosa kikombe amshuku Thomasin, na baba asikia, anyamaza. Baba na mwanawe Caleb wakitoka msituni, mtoto amwambia mama kuwa walikwenda kutafuta matofaa, na baba auacha uwongo ule usimame. Thomasin amtisha mdogo wake kwa mzaha, asema kuwa yeye ndiye mchawi. Baadaye mzaha ule wageuzwa ushahidi. Usiku wazazi wanong'onezana juu ya kumpeleka binti akatumike katika nyumba ya watu, nao watoto wasikia.

Ati hakuna kilichotokea! Nyumba nzima imebomoka mbele ya macho ya watu, tofali moja baada ya moja, nao wameukodolea macho msitu. Wazee wetu walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mchawi alikuwa nje, ni kweli. Lakini kitasa kilifunguliwa kutoka ndani, kwa uwongo wa baba, kwa dhana ya mama, na kwa kimya cha wote.

Mwisho wa hadithi ni wa kusikitisha. Jamaa wote wafa au watoweka, na Thomasin, aliyebaki peke yake, amfuata Ibilisi. Mwaka 2016 kikundi kimoja cha Marekani kiitwacho The Satanic Temple kiliiunga mkono filamu hii, kikauona mwisho huo kuwa ni ukombozi wa binti. Sisi twaona kinyume. Tumemwona binti aliyesingiziwa katika kila jambo na wale waliopasa kumlinda, hata kila mlango ukafungwa usoni pake isipokuwa mmoja. Mtoto asiyeaminiwa kwao hutafuta pa kuaminiwa, na mwenye kumpokea pengine si mwema.

Wala mambo haya si ya kubuni tu. Katika nchi ile ile ya New England, huko Salem, mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi mwingine ulikuwa ni maneno ya watoto na chuki za majirani. Nasi tusijione tuko mbali. Huku kwetu, Kilifi katika Kenya na Usukumani katika Tanzania, wazee wameuawa katika miaka yetu hii kwa kushukiwa uchawi, na bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni amehukumiwa kwa wekundu huo. Mtu aliyefiwa na mtoto hana subira ya kuuliza. Ataka aonyeshwe mchawi leo. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa wingi wa dhana, tukaamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Amri hizo zataka mtu awezaye kungoja.

Ndipo tunaposema kuwa ugomvi huu wa watazamaji ni somo. Macho yaliyozoezwa kutaka jambo jipya kila dakika huchoka upesi kwa kumtazama mwanadamu. Yatamwonaje mtoto aliyenyamaza mezani siku tatu? Yatamwonaje mama anayekonda pole pole?

Hatusemi kwamba kila familia iitazame filamu hii. Ina damu, ina uchi, na huko Marekani aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuitazama senemani isipokuwa awe na mzazi au mlezi; watoto wadogo hawana haja nayo kabisa. Wala si lazima kijana aliyekwisha iona aipende. Tunalomtaka ni kwamba asiseme “mbaya” kabla ya kusema ni nini alichokiona. Nawe mzazi, ukisikia kuwa mwanao ameitazama, usianze kwa ukali. Keti naye, umwulize: “Ni nani aliyeivunja nyumba ile?” Kisha subiri jibu, hata likichelewa.

Wabillahi tawfiq.