Anayekuja Korbesa na Mwanawe

Korbesa, upande wa Merti katika Kaunti ya Isiolo, ni kwao Waborana, wengi wao Waislamu. Mzazi Mkristo wa ng'ambo anayetaka kumleta mwanawe huku kwa umisheni aanze na historia.

Mmishenari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, shauku yake ikiwa kuwafikia Waoromo, ambao Waborana ni tawi lao. Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga.

Louis Leakey, mwana wa wamishenari wa Kianglikana, alizaliwa Kabete mwaka 1903. Alikua na vijana wa Kikuyu, akaizungumza lugha yao kama mwenyeji, hata jandoni akaingia pamoja nao.

Na safari za umisheni za siku hizi je? Wiki mbili, fulana za sare, picha na watoto wa watu (wazazi wao mara nyingi hata hawaulizwi), kisha uwanja wa ndege!

Kijana anayeletwa Korbesa akae kwanza na wafugaji, ajifunze salamu za Kiborana, asikie jinsi ukame wa 2020 hadi 2023 ulivyowamaliza ng'ombe. Mzazi asiye na nafasi hiyo abaki kwao, nauli aichangie karo za watoto wa huku.